Wimbo Uliomkalisha Eruera

Redio ya jikoni ilisema asubuhi ile kwamba wanaume wanaotaka bangi ihalalishwe ni wengi kuliko wanawake, na jiko zima likaangua kicheko.

"Wamelipa watu wakaulize hilo?" akasema Shangazi Turuhira, kisu cha kumenyea mkononi. "Wangekuja hapa na gunia la viazi, tungewaambia bure."

Wanawake walikuwa wameizunguka meza ndefu katika jiko la marae, uwanja wa ukoo wao ulioko juu ya mto, nje kidogo ya mji wa Wairoa. Wanaume walikuwa nje kwenye shimo la kupikia, wakipanga mawe ya moto na vikapu vya nyama. Kura ya maoni kuhusu bangi ilikuwa mwezi ujao, na wazee walikuwa wameitisha mkutano ili ukoo uongee kabla watu hawajaenda kupiga. Mkutano ulipangwa uanze mchana, lakini tusidanganyane, ulikuwa umeshaanza tangu alfajiri, tena sehemu mbili. Kule shimoni wote walikuwa wanasema ndiyo. Jikoni wote walikuwa wanasema hapana. Na aliyekuwa akiisema hapana hiyo kwa sauti kuliko wote alikuwa Ripeka.

"Wao wanavuta," alisema, "sisi ndio tunaokesha na mtoto aliyevurugikiwa akili. Wao wanacheka barazani, sisi ndio tunaofua mashuka. Halafu mtu anakuja kuniambia eti ni mmea tu! Hata mchongoma ni mmea, mbona hatuulalii?"

"Waambie, mwalimu!"

Mwalimu kweli. Ripeka alifundisha chekechea ya ukoo, palepale uwanjani, na karibu kila mtoto wa bonde lile alijifunza kufunga viatu mikononi mwake. Zaidi ya hapo, ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo. Akifungua kinywa, wanawake wote wanamfuata.

Sasa msikilize huyu mwanamke anavyoongea, halafu mjue alichokuwa nacho kifuani. Miaka miwili nyuma, mama yake, Kararaina, alikuwa anakufa kwa saratani ya mifupa, na dawa za hospitali zilikuwa zimeshindwa. Mama wa watu alikuwa analia usiku kucha. Ripeka ndiye aliyempigia simu mdogo wake, Eruera, akamwambia, "Nitafutie yale majani." Eruera akapanda miche michache nyuma ya banda lake la kuku. Ripeka ndiye aliyeyapika na siagi kwa moto mdogo, madirisha yamefungwa, akachuja kwa kitambaa, akampakia mama yake kwenye mkate. Mama akaacha kulia. Akaanza hata kutukana watu tena, na waliomfahamu Kararaina walijua hiyo ni dalili ya nafuu.

Mazishi yalipopita, polisi wakaja kwa Eruera wakakuta miche. Wakamuuliza ni ya nani. Akasema yangu. Wakamuuliza nani mwingine anahusika. Akasema hakuna, navuta mwenyewe. Uongo mtupu! Eruera hata sigara hajawahi kuimaliza, inamkohoza kama mbuzi. Lakini dada yake angepatikana na kosa lile, chekechea ndiyo basi tena. Kwa hiyo akaubeba mzigo peke yake. Akanyang'anywa basi la shule alilokuwa anaendesha, akapewa adhabu ya kufyeka nyasi kando ya barabara kuu, amevishwa kizibao cha rangi ya chungwa, na watoto aliokuwa akiwabeba wanampungia mkono dirishani. Siku za mwanzo Ripeka akipita pale alikuwa anampigia honi. Baadaye akaanza kupita njia ya nyuma.

Na ile hapana yake ilizaliwa wakati huohuo. Katika kikao kimoja cha akina mama, mtu alimuuliza yeye anaionaje bangi, na macho yote yakamgeukia, dada wa mvuta bangi. Akasema hapana kwa ukali hadi mwenyewe akashtuka. Watu wakamwamini. Akarudia tena kesho yake, na keshokutwa. Tumpe haki yake, si kwamba alikuwa haamini anachosema. Alikuwa ameona watoto wakiletwa chekechea bila kifungua kinywa kwa sababu baba bado amelala na moshi wake. Lakini kila alipoisema aliona uso wa mdogo wake, na alivyozidi kuuona ndivyo alivyozidi kupaza sauti.

Siku hiyo Eruera alikuwa anasimama kusema kwa mara ya kwanza. Mzee mmoja wa benchi la wasemaji wa ukoo alikuwa amefariki, na Mjomba Rewi, mkubwa wa benchi, alimtaka Eruera achukue nafasi. Shangazi Turuhira alipinga: mtu aliyetiwa hatiani kwa bangi hawezi kuwa mdomo wa ukoo mbele ya wageni. Wakavutana wee, mwisho wakakubaliana asimame leo, aonekane. Akisema vizuri, benchi ni lake. Akiharibu, atapewa mwingine na habari yake itakuwa imeisha.

Pale kwao mwanamke hasimami kutoa hotuba ndani ya nyumba ya mababu, ile ya mikutano yenye picha za marehemu wao ukutani. Anao wimbo. Mwanamume akimaliza kusema, wanawake wanasimama kumwimbia, na asiyeimbiwa ni kama hakusema. Na akisema upuuzi, wanawake hawamngoji amalize. Mmoja anasimama, anaanzisha wimbo, wenzake wanasimama naye, na bwana mkubwa anafunga mdomo na kuketi, awe amefika wapi. Wapo wazee wenye mvi ambao hadi leo wakisikia wimbo fulani wanageuza uso, kwa sababu ndio waliokatiziwa nao.

Ripeka alipotoka na beseni la viazi vitamu kuelekea shimoni, wanaume walimpokea kwa kelele.

"Mwalimu wa hapana huyo! Ficheni mifuko!"

"Mifuko yenu ina nini zaidi ya matobo?" akajibu.

"Dada, ninyi wote mkipiga hapana na sisi wote ndiyo, atashinda nani?"

"Atashinda anayejua funguo za jiko ziko wapi."

Wakacheka. Eruera alikuwa amechuchumaa upande wa pili, akimwagia magunia maji. Ripeka akamvuta pembeni.

"Mchana utasema nini?"

"Utasikia."

"Eru, usinichezee. Utamtaja Mama?"

"Nitasimamaje chini ya picha yake nisimtaje?"

"Na mimi je?"

Eruera akapangusa majivu mikononi. "Shangazi Turuhira ameniuliza asubuhi, mbele ya watu, ile siagi ya Mama aliipika nani. Wameanza kuuliza, dada. Leo nitalimaliza."

"Utalimaliza vipi?"

Lakini Mjomba Rewi alikuwa anamwita akavae, na Eruera alikwishaanza kuondoka. "Wewe niandalie wimbo mzuri tu," alisema akicheka, akaenda zake.

Ripeka alirudi jikoni. Nitalimaliza. Siagi, Mama, picha, nitalimaliza. Alikata karoti zote bila kujua anakata nini. Alijiambia mdogo wake ana haki, kijana wa watu, amebeba vya kutosha, yeyote angechoka. Kisha akawaza wazazi wakija kuwashika watoto wao mikono na kuondoka nao, mmoja mmoja, bila kumtazama. Akawaza kikao kingine cha akina mama, safari hii kiti chake kikiwa kitupu. Alimwonea mdogo wake huruma kweli, lakini alijiogopea zaidi, na alijijua kwamba anajiogopea zaidi.

Mchana nyumba ya mababu ilijaa. Wanaume walianza mmoja baada ya mwingine. Mmoja alisema nchi nzima inavuta ila wanaokamatwa ni sisi. Mwingine akasema afadhali serikali iuze kuliko wale vijana wa magenge. Wanawake waliwaimbia kila mmoja, kwa adabu, bila moyo. Kisha Mjomba Rewi akampa Eruera fimbo ya wasemaji.

Alisimama vizuri, hilo hakuna aliyelikataa hata baadaye. Aliwasalimu wafu kwa zamu yao, akaisalimu nyumba, akawachekesha wazee kidogo. Sauti yake ilikuwa ya baba yao. Shangazi Turuhira mwenyewe alikuwa ameanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu Eruera akageuka, akaunyooshea fimbo ukuta wa picha.

"Yule pale ni mama yangu," alisema. "Mnakumbuka alivyolia. Na mnakumbuka alivyoacha. Asubuhi nimeulizwa kuhusu siagi iliyokuwa kwenye jokofu lake. Na mimi nasema leo, mbele yake, asije mtu akauliza tena. Mkono uliokoroga siagi ile..."

Ripeka akasimama.

Hakukumbuka kuinuka, alijikuta tu yuko wima na wimbo umeshatoka. Ulikuwa wimbo mrefu wa zamani, ule wa kumfunga mtu mdomo, na aliuanza juu. Kwa muda mfupi ilikuwa sauti yake peke yake. Kisha Shangazi Turuhira akainuka kando yake, halafu wa nyuma, halafu wote, na nyumba ikajaa sauti za wanawake. Eruera alibaki na fimbo hewani. Alimtazama dada yake. Akaishusha taratibu, akamrudishia Mjomba Rewi, akaketi. Wanawake waliimba hadi ubeti wa mwisho.

Walipotoka nje walimzunguka.

"Wewe ni mwanamke wa shoka!" mmoja akamwambia. "Hata mdogo wako hukumwonea haya!"

"Alikuwa anatuletea habari za siagi mbele ya mababu, ebo!"

Ripeka alitabasamu kwa sababu uso ulipaswa kufanya kitu. Alijitoa kwenye kundi, akazunguka nyuma ya nyumba, akamkuta Eruera anakunja shati lake la mkutano na kulitia kwenye begi.

"Eru."

"Gari la wakata manyoya ya kondoo linapita jioni," alisema bila kumtazama. "Linakwenda kusini. Nimewapigia simu, wana nafasi."

"Nisamehe. Ungenitaja. Nilishindwa, mdogo wangu, ungenitaja mbele ya..."

"Ningekutaja?" Sasa akamtazama. "Nilikuwa nasema mkono uliokoroga ni wangu."

Ripeka akaushika mkono wa begi.

"Wangu," akarudia Eruera. "Polisini nilisema miche ni yangu, mahakamani vilevile, lakini Shangazi hakuamini. Nikasema basi, nitasema ndani ya nyumba, chini ya picha, kwa sababu pale hakuna anayethubutu kuniuliza mara ya pili. Kumdanganya Mama mbele ya watu wote! Tangu asubuhi nilikuwa namwomba radhi. Kwa ajili yako wewe na chekechea yako."

"Kwa nini hukuniambia pale shimoni?"

"Kwa sababu ungenikataza." Alifunga zipu ya begi. "Unanijua tangu nilipozaliwa, Ripeka. Ulinibeba mgongoni. Na ulidhani nimesimama pale nikuchome."

Hakusema kwa ukali, na Ripeka alitamani angesema kwa ukali. Alirudi jikoni, akavaa aproni yake kwa sababu chakula kilikuwa kinatoka shimoni na watu walikuwa na njaa, akapakua nyama na viazi kwenye sahani za watu, na kila aliyemshukuru alimwona kama anamsuta.

Kwenye ukumbi wa chakula sheria hulegea. Watu wakishashiba, wapishi huitwa mbele waje kushukuriwa, na yeyote mwenye neno analisema, mwanamume kwa mwanamke, kwa mzaha au kwa kweli. Wapishi walipoitwa, Ripeka alitoka nao na aproni yake na mikono yenye mafuta. Watu walipiga makofi. Eruera alikuwa mlangoni, begi begani, anaaga wazee.

"Nina neno," akasema Ripeka.

"Sema, mwalimu! Hapana!" akapiga kelele mtu mmoja, na ukumbi ukacheka.

"Siagi ya Mama niliipika mimi."

Kicheko kikafa. Akaendelea upesi, maana alijua akitulia hatasema tena. "Majani nilimwagiza mimi. Eru hajawahi kuvuta. Aliniokolea kazi yangu, na mimi nikamwacha afyeke barabara. Nimezunguka miaka miwili nikiwaambia mseme hapana, na jiko langu ndilo lililonuka bangi kuliko jiko la mtu yeyote hapa. Leo nimemkatiza kwa kuogopa atanitaja. Alikuwa anajitaja yeye. Fimbo mliyomnyima ni kosa langu." Akapangusa mikono kwenye aproni. "Watoto wenu ni wenu, mtaamua. Mimi nimemaliza."

Mwanamke mmoja kijana, kwa kuchanganyikiwa tu, akauliza, "Sasa mwezi ujao tupige ipi?"

"Pigeni mnayoiona. Mdomo wangu mimi umechoka."

Shangazi Turuhira alikuwa amekaa meza ya mbele. Alifuta midomo kwa kitambaa, hakuonekana kushangaa hata kidogo.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini, Shangazi?"

"Nani alikuwa anamlisha mama yako wewe ukiwa kazini? Nilijiuliza, siagi gani ina rangi ile? Nikalamba kijiko. Nililala kwenye kile kiti hadi jioni, na mama yako ananicheka." Mtu akacheka, akajizuia. "Na Eru hawezi hata kukaanga yai, angepika siagi huyu? Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Asubuhi nikachoka kungoja, nikamuuliza yeye."

"Basi kama ulijua," Ripeka alisema, machozi yanamtoka, "mbona ulisimama? Nilipoanza kuimba, mbona mliimba?"

Turuhira alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe ulisimama," alisema. "Tungekuacha uimbe peke yako?"

Wanawake walikuwa wameinamisha vichwa. Ripeka aliwatazama mmoja mmoja, wale aliowaongoza miaka yote, na kila mmoja alionekana kufahamu wakati uleule alichokifanya. Walikuwa wamemkalisha mtu asiye na kosa kwa sababu Ripeka alitaka akalishwe, na hawakuuliza.

Mjomba Rewi aliinuka kwa shida, akamnyooshea Eruera fimbo kule mlangoni. "Rudi, mwanangu. Twende ndani ukamalizie."

Eruera alitabasamu kidogo. "Nilikuwa nimeandaa uongo, Mjomba. Wote mmeshaujua. Sina hotuba nyingine."

Watu walicheka kwa kusihi, kama wanaomwomba abaki. Hakubaki. Honi ilikuwa inalia barabarani. Ripeka alimfuata hadi langoni na aproni yake, mbiombio, kama mtu anayemkimbilia mtoto aliyesahau chakula chake cha shule.

"Utarudi lini?"

"Kondoo wakiisha manyoya."

"Eru, nakuomba. Nimesema yote. Nimewaambia wote."

"Nimesikia."

"Bado umenikasirikia kwa ule ukimya wangu?"

"Ukimya nilikuruhusu mwenyewe," alisema Eruera. "Huo haunisumbui. Hata kule barabarani na kile kizibao sikukulaumu." Aliweka begi nyuma ya gari, akasimama mkono juu ya mlango. "Ila mchana nilikuwa nakutazama ukiimba. Nikasema atababaika, atakosea neno, sauti itamtetemeka, nitajua dada yangu yumo humo ndani. Hukukosea hata neno moja. Uliimba vizuri kuliko siku zote."

Akapanda. Aliyoyasema yalikuwa kweli. Ripeka mwenyewe alikuwa ameisikia sauti yake jinsi ilivyokuwa nzuri, na kwa muda kidogo, pale katikati ya ubeti, aliifurahia. Gari likaondoka. Alibaki amesimama langoni analia, na nyuma yake, ukumbini, hakuna aliyekuwa ameanza kuosha vyombo.